Pangaboi la Inchi Kumi na Moja

Mwaka jana, Jumapili ya pili ya Julai, jina la Torvald Brekke lilisomwa kisiwani na hakuna aliyeitika.

Arvid Tveit hakuwapo kukisikia kimya hicho, ingawa ni yeye aliyekisababisha. Wakati huo alikuwa bado katikati ya Ziwa Langskog, pantoni yake imejaa waumini, injini ikikoroma, na boti ikijivuta kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Bi Hjordis Brekke, mjane wa Torvald, alikuwa amekaa kiti cha mbele na kofia yake ya kanisani, akikitazama kisiwa kisichokaribia. Walipofika, mchungaji alikuwa amekwisha kukifunga kitabu cha majina na watu waliotangulia kwa boti nyingine walikuwa wanakula.

Kila kiangazi kanisa lao dogo la Kilutheri huvuka kwenda kwenye makaburi ya wazee waliotoka Norwei na kulianzisha, na ya waliowafuata. Husomwa jina la kila aliyelala pale, na mmoja wa watu wake husimama na kuitika, "Anakumbukwa." Basi. Ibada yote inabebwa na neno hilo moja.

Bi Hjordis hakulalamika. Katika upande huo wa Minnesota, Marekani, watu hawana desturi ya kulalamika. Aliposhikwa mkono kushuka alisema tu, "Naam, imekuwa hivyo basi." Maneno hayo manne yalimkaa Arvid rohoni majira yote ya baridi, ziwa likiwa limeganda na boti imefunikwa turubai. Bi Hjordis alikuwa na miaka tisini. Hakuna aliyemwahidi kiangazi kingine, lakini Mungu alimpa, na Arvid aliona amepewa nafasi ya kurekebisha.

Barafu ilipoyeyuka alikwenda mjini kununua pangaboi jipya, lile linalozunguka majini chini ya injini na kuisukuma boti. Pangaboi huwa na namba mbili zilizochongwa kwenye kitovu chake. Ya kwanza ni upana. Ya pili ndiyo yenye mambo: inaeleza lingesonga mbele inchi ngapi kwa kila mzunguko, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. La zamani lilikuwa la inchi kumi na nne, nalo lilikuwa limelika. Arvid aliwaza kama mtu yeyote angewaza: boti ilikuwa na mwendo mzito, basi ipate pangaboi linalopiga hatua ndefu zaidi. Akanunua la kumi na tano. Akalijaribu na mkewe, LaVonne, na boti ikaruka juu ya maji hata LaVonne akashika miwani yake. Arvid akamshukuru Mungu palepale, kwa sauti.

Siku nne kabla ya ibada alipita kwa Eila Kukkonen kununua grisi. Karakana ya Eila ipo nyuma ya nyumba yake, na kuta zake zote zimetundikwa mapangaboi, yaliyopinda na yaliyonyooka. Eila ni mjane wa asili ya Ufini, mwenye mikono mifupi yenye nguvu. Hulichukua pangaboi, hulining'iniza kwenye kidole kimoja, huligonga bawa kwa ukucha, kisha husikiliza. Arvid aliwahi kumwona akilitambua hivyo bawa lililopasuka ambalo ufa wake haukuonekana kwa macho ya watu watatu.

"Nimepata la kumi na tano," Arvid alimwambia kwa fahari. "Linakwenda kama mshale."

"Ulikuwa na watu wangapi?"

"Mimi na LaVonne."

"Na Jumapili unabeba wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja na mimi."

Eila aliweka grisi chini. "Arvid. Umepanda ngazi mikono mitupu, sasa unajisifu utapanda hivyohivyo na jiko mgongoni?"

Akamweleza polepole. Injini ya boti ile inataka kuzunguka kati ya mara elfu tano na elfu sita kwa dakika, mkono wa kuongezea mwendo ukiwa umesukumwa mpaka mwisho. Ikishindwa kufika hapo, ni kama mtu anayeendesha baiskeli mlimani kwa gia ndefu: nguvu anayo, ila miguu haizunguki. Hatua ndefu ni ya boti tupu. Mzigo unataka hatua fupi.

"Niletee uzito wa watu wako," alisema, "nami nitakuambia pa kuanzia."

Arvid akalichukua kopo la grisi, akaanza kusoma maandishi yake.

"Nini?"

"Wengi ni akina mama, Eila."

"Najua. Wana uzito, au wanaelea?"

Arvid alikuwa na miaka sabini na mbili na hakuwahi kumuuliza mwanamke uzito wake. Hata LaVonne hakuwahi kumuuliza. Hata daktari alipomuuliza LaVonne, Arvid alitoka nje. Kesho yake alirudi na karatasi aliyoiandika mwenyewe mezani, baada ya kuomba hekima: majina kumi na moja, na mbele ya kila jina, ratili mia na thelathini.

Eila aliisoma. "Wote sawasawa. Bwana aliwamwaga kwenye kalibu moja?"

"Ni makadirio."

"Huu ni uongo wenye adabu." Akaikunja, akamrudishia. "Nyinyi Wanorwei mkizama mtawaomba samaki radhi kwanza kwa usumbufu. Sikiliza. Mimi simchagulii mtu pangaboi kwa boti tupu. Kesho kutwa, Jumamosi, akina mama si wanapika kanisani? Nitakuja."

"Eila, tafadhali. Usiwaulize."

"Mimi? Sitamuuliza mtu."

Jumamosi asubuhi Eila aliingia jikoni chini ya kanisa akiwa na ovaroli yake na mapangaboi mawili kwapani, la kumi na tatu na la kumi na moja. Mazungumzo yakakatika. Arvid alisimama nyuma yake, masikio yamemwiva kwa haya.

"Habari za asubuhi," alisema Eila. "Huyu bwana anataka kuwavusha kesho kabla kengele ya ibada haijalia, lakini anaona haya kuwauliza uzito wenu. Kwa hiyo nawaomba wote mpande boti sasa hivi, kama mtakavyopanda kesho. Injini itawapima, na haina mdomo wa kusengenya."

Hakuna aliyesogea. Mmoja aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

Ndipo Bi Hjordis, aliyekuwa akimenya viazi kwenye kona, alipoweka kisu. "Ratili mia na themanini na sita," alisema, kwa sauti anayoongozea sala. "Kabla ya chai. Arvid, umeniandikia ngapi?"

"Mia na thelathini, Bi Hjordis."

"Mwaka nilioolewa na Torvald wangu, labda. Nakushukuru, mwanangu. Na birika la kahawa la vikombe sitini, umeliandika?"

Arvid akaitoa karatasi mfukoni, akaitazama.

"Na viti vya kukunja? Na vitabu vya nyimbo? Na masufuria haya ya viazi na nyama? Mwanamume anahesabu watu, anasahau chakula, kisha anaketi mezani wa kwanza!"

Jiko zima likalipuka kwa kicheko, na kicheko ndicho kilichowatoa nje. Walitembea mpaka gatini wakibeba kila kitu, birika limejazwa maji, wakatajiana uzito wao njiani kama wanaoshindana. LaVonne alibaki gatini ili Eila apate nafasi yake. Eila akainama akasoma kibao cha uzito unaoruhusiwa, akahesabu kimya, akaitikia kwa kichwa kuwa ni salama. Wakavaa maboya ya kujiokolea.

Kwanza walijaribu lile la kumi na tano. Arvid alisukuma mkono mpaka mwisho. Pua ya boti ikainuka, maji nyuma yakachafuka, na ule mkoromo wa mwaka jana ukarudi. Mshale wa saa inayohesabu mizunguko ya injini ukakwama kwenye elfu nne na mia tano. Bi Hjordis hakugeuka nyuma, lakini Arvid aliona mabega yake yamekazana. Angewavusha kesho kwa kitu hiki, akiwa amejaa imani.

Eila hakuitazama saa. Alikuwa amefumba macho, kiganja kimekaa juu ya kifuniko cha injini.

"Inaumia," alisema. "Rudi."

Gatini aliingia majini mpaka mapajani. Arvid aliinua mguu wa injini. Eila akanyoosha pini, akaweka kipande cha ubao bawa lisizunguke, akalegeza nati, akavuta. Akapaka grisi kwenye ekseli, akasukuma jingine. Kazi yote haikuzidi muda wa kuimba wimbo mmoja, na kweli waliimba mmoja, huko juu, kumsubiri.

La kumi na tatu liliwapa elfu nne na mia tisa. Arvid aliona inatosha, akasema hivyo.

"Inatosha kwa maji ya leo," Eila alimjibu. "Kesho kuna upepo." Akashuka tena majini.

Lilipofungwa la kumi na moja, Arvid alilitilia shaka. Lilionekana bapa, kama lisilo na hamu. Lakini aliposukuma mkono, boti ilijinyoosha, pua ikashuka, na mkoromo ukageuka kuwa mlio mmoja mwembamba ulionyooka. Mshale ukapita elfu tano, ukatulia kwenye elfu tano na mia tatu. Kisiwa kikaanza kuja.

Eila alifumbua macho. "Sasa inapumua."

"Lakini nikiwa na LaVonne peke yetu?"

"Usisukume mpaka mwisho, itazunguka kupita kiasi. Kwani mnakimbilia wapi, umri huu?"

Bi Hjordis ndiye aliyecheka zaidi.

Jumapili upepo ulitoka magharibi kama Eila alivyosema, na mawimbi yalipiga chini ya sakafu njia nzima. Arvid aliendesha huku midomo ikitembea. Hakuomba upepo utulie. Aliomba mkono wake usitetemeke tu, kwa kuwa mengine tayari alikuwa amepewa, kwa mikono ya mwanamke aliyesimama majini mpaka akajua. Alimwaza akiwa amefumba macho, kiganja juu ya injini. Yeye mwenyewe aliomba kila siku na aliona ajabu kwamba hajawahi kusikiliza kitu chochote namna ile.

Kengele ilikuwa bado haijalia walipofunga kamba. Walishusha viti, masufuria na birika. Walimshusha Bi Hjordis, watu wawili, taratibu, wakamketisha mstari wa mbele juu ya nyasi.

Mchungaji alisoma kwa mpangilio wa herufi za majina ya ukoo, kwa hiyo kwa akina Brekke hakuna aliyengoja sana.

"Torvald—"

"Anakumbukwa!" alisema Bi Hjordis, amekwisha kusimama, hata jina la pili halijatoka.

Mchungaji akalimalizia kwa heshima, na Bi Hjordis, kwa kuwa jina lilikuwa limekamilika, akaitika tena.