Waliokufa: Hakuna

Bwana Pelamu alikuwa ameshahesabu watu wa nchi nne kabla ya kufika Sumbawanga, na katika nchi zote nne sidhani kama alimjua jirani yake hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kutafuta kanuni ya hesabu itakayoonyesha jinsi watu wanavyoongezeka: wangapi huzaliwa, wangapi hufa, na miaka thelathini ijayo watakuwa wangapi. Mwaka ule wa 1957 ikawa zamu ya Ufipa. Pale boma alimkuta karani mmoja, Zenon wa Mwazye, akijumlisha safu nne kichwani huku anachonga penseli, akamchukua siku hiyohiyo.

Na Zenon, masikini, alifurahi. Tangu arudi kutoka vita vya Burma alikuwa akinakili barua za watu wengine, na sasa mtu anamfundisha kuchora mstari unaopanda ukurasani, anamwambia mstari ule ndio watu. Alishika haraka, mpaka Bwana akawa anamwachia majedwali yote na kwenda zake kuwinda.

Tena kulikuwa na jambo la nyumbani. Serikali ilisema itajenga kliniki moja ya wazazi, yenye mkunga, pale ambapo jedwali la Bwana Pelamu litaonyesha watoto wachanga wanakufa zaidi. Moja tu. Zenon aliitaka iende Mwazye, wala hakuona haja ya kudanganya ili aipate. Alijua wanavyokufa.

Jedwali likamkatalia. Akina mama mia nne na kumi na wawili waliulizwa wamezaa wangapi na wamezika wangapi, na majibu yao yakatoa vifo vinne katika kila watoto mia. Vinne! Kwa hesabu hiyo hata kwao Bwana hawakuwa na afya ya namna ile.

Fomu haikujua jambo moja, na hakuna mwanamke ambaye angeieleza. Kule Mwazye mtoto ambaye hajaota jino hana jina. Akifa, wanawake humzika wenyewe chini ya tuta la shamba, bila kilio, na wanaume hawaitwi. Baada ya hapo hasemwi tena, kwa sababu kumtaja ni kumwita aje amchukue mwenzake. Ukimuuliza mama yake amezaa wangapi, atakupa idadi ya wale wanaokula ugali, na moyoni mwake hatakuwa amekudanganya.

Zenon akatafuta njia ya kuwahesabu bila kuwauliza. Mama wa Mwazye hunyonyesha miaka miwili, na mwaka wa tatu huzaa tena. Basi akachukua fomu mojamoja, akawapanga watoto walio hai kwa miaka yao, na kila alipokuta miaka sita au saba kati ya ndugu wawili, akaweka alama. Aliyaita mashimo. Akawatoa wajane, akawatoa wale ambao waume zao walikuwa migodini Rodeshia, akapunguza kila penye shaka. Miezi miwili ilikwenda. Mashimo yaliyobaki yalisema kwamba katika kila kumi wanaozaliwa Mwazye, watatu hawafiki kuota jino. Hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa na watu wa Bwana Pelamu, nasema bila kupepesa macho, na iliandikwa nyuma ya fomu zilizoharibika.

"Kazi nzuri sana," Bwana alisema, na alimaanisha. "Lakini shimo si ushahidi, Zenon. Niletee mwanamke mmoja wa Mwazye aseme kwa kinywa chake, nami nitabadili jedwali."

Kisha akachomoa fomu moja kwenye rundo, akaiweka mezani. Ilikuwa ya nyumba ya Zenon mwenyewe, aliyoijaza kwa mkono wake kabla ya zote, iwe mfano kwa makarani wengine. Waliozaliwa: wawili. Waliokufa: hakuna.

Zenon akautazama mwandiko wake mzuri. Kati ya Margareth na Alois kulikuwa na miaka sita. Akamkumbuka mkewe akirudi kutoka shambani na jembe lenye udongo mbichi, na yeye amekaa pale, anauliza kama chakula kiko tayari. Aliandika "hakuna" bila hata kusita.

Aliporudi Mwazye alimkuta Albina, mkewe, anapepeta ulezi.

"Mama Margareth, Bwana anakuja kuhakiki. Anataka mama mmoja tu amwambie."

"Amwambie nini?"

"Wale wasiosemwa."

Ungo ukasimama. "Baba Margareth, una wazimu? Alois anakohoa tangu mvua zianze. Unataka nimwitie wenzake?"

"Nataka mkunga awe hapa. Mmoja akisema, kliniki inajengwa. Nakuapia."

Albina akarudia kupepeta.

Siku ya tatu Bwana aliketi na meza yake ya kukunja mbele ya baraza, Zenon pembeni yake. Wanawake walipita kwa foleni, wakisema wanne, hakuna, watatu, hakuna, sita, hakuna. Albina akaipita foleni yote, akapiga goti, akaamkia.

"Nimezaa watano," alisema. "Watatu wako chini ya matuta."

Mama yake Zenon akajifunika uso kwa kanga. Penseli ya Zenon ikagoma kuandika. Watatu?

"Wa kwanza, baba yao huyu alikuwa vitani," Albina aliendelea, akimtazama Bwana wala si mumewe. "Hakuambiwa. Wa pili anamjua. Wa tatu ni mwaka huu, alipokuwa anazunguka vijiji kuhesabu watoto wa wenzake. Aliambiwa mimba imeharibika. Haikuharibika. Aliishi siku tisa, na alikuwa na nywele nyingi."

Bwana Pelamu akaandika katika daftari lake. Albina alingoja mpaka amalize, ndipo akainuka na kwenda zake. Mashimo ya Zenon, pamoja na ujanja wake wote, yalikuwa yamemwona mmoja tu.

Jioni Bwana alimwita kando, na huruma zake zote. Ni mwanamke mmoja, alisema, tena mke wa karani. Wakubwa watasema amefundishwa. Isitoshe, jedwali lilikwisha kwenda Dar es Salaam tangu Jumatatu.

"Ulisema mmoja, Bwana."

"Ni kweli nilisema," akajibu, akaomba chai.

Kliniki ilijengwa wilaya nyingine, kwa watu wanaowalilia wachanga wao kwa sauti. Bwana Pelamu alirudi kwao akawa profesa. Kitabu chake kina sura nzima ya kukadiria watoto wasiotajwa kwa kupima nafasi kati ya ndugu, kwa mfano wa nchi ya kubuni, na shukrani kwa karani mmoja mwenyeji. Katika jedwali la Ufipa, nyuma ya kitabu hichohicho, Mwazye imebaki na vinne kwa mia.

Nakala moja ilimfikia Zenon boma, akaipeleka nyumbani kwa lori la Hamidi, mfanyabiashara wa mjini. Tangu siku ile ya baraza wanawake wa Mwazye hawakumwita tena Albina penye mzazi, kwa kuogopa kinywa chake. Alimkuta peke yake shambani.

"Ndicho hicho?" Albina aliuliza.

"Ndicho."

"Wamewaandika?"

Zenon hakuwa amewahi kuongeza hata moja katika safu ya mtu. Alifungua kitabu, akapekua majani akitafuta tatu yoyote iliyosimama peke yake, akaiona chini kabisa, pembeni, pale wanapoandika namba ya ukurasa. Akaweka kidole.

"Hapa. Wote watatu."

Albina alifuta mkono kwenye kanga yake, akainama, akaigusa.

"Ndogo hivi," alisema, akalichukua jembe lake.