Kilichosagika Chini ya Kidole

Shaaban aliteleza mlimani akishuka na mzigo wa mbaazi, na jirani zake wakambeba mgongoni mpaka kwa Tabu. Kwa miaka thelathini Tabu ndiye aliyekuwa akiwakanda watu wa kijiji cha Busi waliotenguka. Kifundo cha mguu wa kulia wa Shaaban kilikuwa kimeumuka, na unyayo umegeukia nje.

"Ukanyagie kidogo, mwanangu," Tabu alimwambia.

Shaaban hakumaliza hata hatua moja. Alimwangukia mkewe, Naima, jasho likimtiririka.

Tabu akapaka mafuta ya nyonyo, akabonyeza kwa dole gumba. Upande wa nje, kitu kikasagika chini ya kidole chake kama changarawe ndani ya mfuko. Alikijua. Kiungo kilichotenguka tu hakisagiki hivyo.

Ilikuwa kazi ya kusema neno moja: umevunjika. Lakini wiki ile ile muuguzi mgeni wa zahanati alikuwa amewaambia akina mama, mbele ya watu, kwamba Tabu anaharibu viungo vya watu. Ukumbi ulikuwa umejaa macho. Amtume Shaaban kwa yule binti wa zahanati?

"Umetenguka," alisema, akauvuta mguu. Shaaban akang'ata kanga ya mkewe. Kisha Tabu akapanga vijiti kuzunguka kifundo, akafunga kwa vitambaa, akakaza, akazidi kukaza.

Kesho yake Naima alikuja.

"Shikamoo, mama. Vidole vyake ni vya baridi. Nikivifinya anasema hasikii kitu."

"Marahaba. Ni uvimbe unashuka. Msifungue."

Asubuhi ya siku ya tatu Tabu alikwenda mwenyewe kumwona Shaaban. Vidole vilikuwa na rangi ya bilinganya. Alikata vitambaa kwa kisu, na harufu ikawafikia wote chumbani. Ngozi ilikuwa imejaa malengelenge meusi.

"Hospitali ya Kondoa! Sasa hivi!" Tabu alisema.

Alipanda nao gari la kukodi bila kualikwa. Hospitalini alimweleza daktari kila alichokifanya. Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani.

"Mguu umevunjika sehemu mbili," alisema. "Lakini mfupa ungeunga. Ungenyooshwa, ukafungwa plasta, miezi michache angekuwa anatembea. Kilichoua mguu ni hivyo vitambaa. Damu haikupita."

Waliukata jioni ile, chini ya goti.

Kesho yake Tabu aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda. Hakukaa.

"Shaaban, nilisikia mfupa ukisagika. Nilijua siku ile ile. Niliona haya kukutuma zahanati."

Shaaban aligeukia ukutani. Aliyejibu ni Naima, kwa sauti ya chini.

"Nilikuja kwako, mama. Nilikwambia vidole ni vya baridi."

"Ulikuja."

"Basi nenda."

Tabu alirudi Busi. Mtu akija mlangoni na kiungo kilichovimba, humwambia asikanyagie, afunge kijiti kwa kulegeza, aende zahanati. Na akiulizwa kwa nini hamkandi, humsimulia yote, bila kujificha. Wengine humhurumia. Hilo humuuma zaidi.

Masika yalipoanza, Naima alipita na jembe peke yake, akipanda mlima kuelekea shambani. Tabu alimsalimia kutoka uani. Naima aliendelea kupanda.