Kipande cha Ndafu Kilichobaki Hewani

Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita Aikande aliota jua linamfuata. Halikuwa angani kama ilivyo kawaida yake. Lilikuwa nyuma yake chumbani, kimo cha mtu mzima, limevaa sweta, na kila alipogeuka nalo liligeuka.

"Samahani," Aikande alisema, "kuna shida?"

"Hakuna," jua likajibu. "Si mlifundishwa kwamba mpiga picha aliache jua nyuma yake? Basi mimi niko nyuma. Wewe endelea na shughuli zako."

Aikande ni muuzaji wa duka la dawa mjini Moshi. Kupiga picha si kazi yake, ni ugonjwa wake. Wiki nzima anawaelekeza watu namna ya kumeza vidonge, na mwisho wa wiki anaivaa kamera shingoni na kwenda popote penye binadamu: sokoni Kiboriloni, kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye safari za kwaya. Hajalipwa hata siku moja na hajakosa hata sherehe moja. Kasoro yake ni kwamba anakata watu miguu. Anapenda nyuso mno, mpaka anasahau kuwa nyuso hizo zinabebwa na kitu fulani huku chini.

Lakini usiku huo miguu haikuwa shida yake. Wiki moja kabla, kwenye harusi ya kaka yake, Mjomba Eliufoo alikata kipande cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayeingizwa ukumbini amesimama mezani na majani mdomoni, akanyoosha mkono na kumlisha mama yake Aikande. Ndugu hao wawili wa tumbo moja walikuwa hawasalimiani tangu walipogombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba waliloachiwa na baba yao. Watu walisimama, wengine wakalia. Mpiga picha wa kukodiwa alikuwa nje na sahani yake ya pilau. Aliyebofya kamera ni Aikande peke yake.

Jumamosi jioni, akihamishia picha kwenye kompyuta, alibofya "futa" alipotaka kubofya "nakili". Harusi yote ikaondoka, bwana, bibi na keki yao. Na Jumapili Mjomba alikuwa anakuja nyumbani kuiona picha ile, kwa sababu ubishi mpya ulikwishaanza: nani alimsogelea mwenzake kwanza. Mama alisema picha itamwonyesha Mjomba akisogea. Mjomba naye alituma salamu kwamba picha itamwonyesha Mama. Aikande alijua kwamba bila picha, maneno yatarudi, na yakirudi safari hii hakuna harusi nyingine ya kuyamaliza. Alilala hivyohivyo.

Sasa, ndotoni, jua linamuuliza, "Tunakwenda wapi?"

"Kutafuta picha."

Anafungua mlango wa chumba na kutokea Kiboriloni. Soko limejaa. Wauzaji wote wako mahali pao pa siku zote, ila wanaishia magotini na chini ya hapo hawana kitu. Wanaelea tu juu ya vumbi, wanapanga nyanya na kukung'uta mitumba. Mama mmoja wa ndizi anamwona.

"Ni huyu," anasema, bila hasira. "Huyu ndiye aliyetukata."

"Samahani, mama. Nilikuwa naangalia uso wako. Ulikuwa mzuri sana siku ile."

"Na samahani yako nitaivalisha kandambili?"

Aikande anafungua mkoba wa kamera. Badala ya lenzi na vitambaa vya kufutia vumbi, anakuta miguu, imepangwa vizuri, jozi kwa jozi, mingine na soksi. Anaanza kuigawa. Jua linamulika ili kila mtu atambue wa kwake, lakini hata hivyo watu wanagombana. Mzee mmoja wa mitumba anakataa mguu aliopewa, anasema wake una kidole kilichovimba na huu hauna tatizo lolote. Jirani yake anamshauri auchukue hivyohivyo.

Mama wa ndizi anasimama, anajaribu hatua, anaridhika. "Haya. Unayemtafuta ni nani?"

"Mama yangu na Mjomba. Niliwafuta jana."

"Waliofutwa wako ng'ambo," anasema mama wa ndizi.

Hapo soko linaanza kuyumba, kwa sababu sasa ni kivuko kinachokwenda Ukerewe, kilekile alichopanda na kwaya. Ziwa limetulia. Hakuna anayeshangaa, hata nyanya zimebaki kwenye mafungu yake. Kamera iliyo shingoni mwa Aikande inakohoa, inajifungua kifuniko chenyewe na kusema, "Usiwe na wasiwasi. Mimi situpi watu. Nikiambiwa nifute, nawahamishia ukumbini wakasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Mimi ni mashine tu," inasema kamera, na kujifunika tena.

Kivuko kinagonga gati, na gati ni ngazi za ukumbi wa harusi. Mlangoni kuna meza yenye magurudumu. Juu yake amesimama ndafu, ameiva vizuri, majani mdomoni, beji ya mshereheshaji kifuani.

"Jina?"

"Aikande. Dada wa bwana harusi."

Ndafu anatazama ndani, anatazama nje. "Hatukujui."

"Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Wewe mwenyewe nilikupiga picha mara nyingi."

"Mara nyingi, tena upande mmoja tu," anasema ndafu. "Lakini huu ni ukumbi wa waliomo pichani. Wewe umo kwenye picha ipi?"

Aikande anafikiri. Anapitia ubatizo wote, vipaimara vyote, safari zote za kwaya. Alikuwepo kila mahali na hayumo popote. Hajawahi kuliwaza jambo hili, na sasa anaambiwa na mbuzi.

Anatia mkono mfukoni na kukuta jani la isale. Kwao Uchagani, mtu akikuletea isale kuomba radhi, huna ruhusa ya kukataa. Analishika kwa mikono miwili na kumpa ndafu. "Nimekosa. Niliwafuta kwa haraka zangu. Naomba nipite."

Ndafu anatema majani yake ya mapambo, analipokea isale, analitafuna taratibu hadi linakwisha.

"Nimesamehe," anasema. "Ndivyo mila inavyotaka. Pia lilikuwa tamu."

Ndani ya ukumbi muziki umezimwa. Wageni wote wamekaa kimya na nguo zao za sherehe. Katikati, Mjomba Eliufoo amesimama na mkono wa kulia umenyooka, kipande cha nyama kwenye ncha za vidole. Mbele yake yuko Mama, kinywa wazi. Nyama haijafika.

"Aikande, mwanangu," anasema Mjomba bila kutikisika. "Umetuacha hivi tangu jana."

"Aaa," anasema Mama.

"Anasema nyama imepoa," anafafanua Mjomba.

"Mjomba, shusha basi mkono."

"Nitaushushaje? Ulituambia tusitikisike. Ukabofya, ukakimbilia keki. Hukusema tayari."

Ni kweli. Aikande anakumbuka kwamba machozi yalimjia, akasahau. "Tayari," anasema sasa. Hakuna kinachotokea. Anasema tena kwa sauti, na wageni wanatazamana kama watu waliosikia mlango ukilia kwa upepo.

Ndafu anaingia na meza yake. "Hiyo 'tayari' yako haina nguvu humu, maana hujawahi kuwemo pichani. Nipe kamera, nenda ukasimame kati yao."

"Wewe utabofyaje na kwato?"

"Polepole."

"Kabla hujabofya," anasema Aikande, "wewe ulikuwa pale mezani. Nani alimsogelea mwenzake kwanza?"

"Hakuna aliyesogea," anasema ndafu. "Wahudumu walisukuma meza yangu ikapitiliza, ikamsukuma huyu, ikamziba yule njia, wakajikuta uso kwa uso. Baada ya hapo ningekuwa mimi ningefanya nini? Wakalishana."

Mjomba anakodolea macho dari. Mama anasema "aaa," na safari hii hakuna anayetafsiri.

Aikande anakwenda kusimama katikati yao. Jua linamwacha, linajongea nyuma ya ndafu, maana mpiga picha sasa ni yeye. Mwanga unampiga Aikande usoni kwa mara ya kwanza usiku ule. Hajui mikono aiweke wapi. Amewaelekeza watu wa kila namna wasimame vizuri, na yeye kusimama kunamshinda.

"Miguu yote inaonekana," anasema ndafu, na kubofya. "Tayari."

Mjomba anafikisha nyama. Mama anafumba kinywa na kutafuna. Ukumbi mzima unashusha pumzi, na Aikande naye anashusha, akaishusha mpaka akaamka.

Kumekucha kabisa. Jua liko dirishani, mahali pake. Ibada imekwisha, na sebuleni anasikia sauti ya Mjomba. Aikande alijifunga kanga, akatoka kabla moyo haujabadilika.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Mjomba, ile picha sina. Niliifuta kwa makosa. Harusi yote."

Mama aliweka kikombe chini. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama zulia. Aikande alisubiri maneno yaanze.

"Afadhali," alisema Mjomba hatimaye.

"Afadhali nini?" aliuliza Mama.

"Mama Aikande, mimi sikukusogelea. Nilisukumwa na ile meza ya ndafu. Nikawa naogopa picha isije ikanionyesha nilivyopepesuka."

Mama alijizuia kidogo, akashindwa, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kaka, na mimi ilinibana ukutani. Nimekaa wiki nzima najifanya nilisimama kwa hiari yangu."

Aikande aliketi pale pale kwenye mkono wa kochi. Hakuwa na picha, na hakuna aliyeihitaji.

"Lakini picha tutapiga," alisema Mjomba. "Hapahapa, kwa chai. Iweke hiyo kamera yako kwenye meza ijibofye yenyewe, na wewe uje ukae katikati."

Aikande aliiweka, akaitega, akaenda kukaa kati yao. Mjomba alimwinulia Mama kipande cha mkate kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, wa kulia umefanyaje?"

"Nimeamka nao umekufa ganzi, hata kifungo cha shati nimefungiwa," alisema Mjomba, akamgeukia Aikande. "Kwa hiyo, mama, leo ukimaliza, usisahau kusema tayari."