Kinga Iliyobaki Muhumba

...ya kubeba au ya kufungwa, hilo tu ndilo swali, na fundi Venant amesimama mlangoni mwa karavani ya kliniki akiwa na kinga mbili za umeme, visanduku vya kuzuia umeme ukipanda usiunguze mashine, kimoja kila mkono, anamngoja Bibiane, muuguzi mkuu, aamue, kana kwamba Bibiane ana uso wa kuamua kitu. "Hii ya kubeba, maman, munaichomeka kule courant inatokea, mukimaliza munaitosha, munaichomoa, munaenda nayo. Hii ingine nitaifunga humu ndani ya caravane, haitoke tena." Haitoki tena... laiti ile kinga ya kwanza ya karavani ingekuwa imefungwa, angeichomoaje, ingefikaje nyumbani kwake Muhumba, na kwa ajili ya nini, televisheni, Mungu wangu, televisheni, kwa sababu wakwe wa binti yake Élodie walikuwa wanakuja kuzungumza mahari na ilikuwa lazima wakute kioo kikubwa kinawaka ukutani, si kimefunikwa kitambaa kama siku zote kwa kuogopa umeme wa kupandapanda, wala hakuibeba mwenyewe, mwenye cheo habebi, alimtuma dereva, "Gracien, unipelekee ile kitu ku nyumba, ni ya siku moja tu," na Gracien akaipeleka, akaichomeka nyuma ya televisheni, akapewa Fanta, akainywa amesimama, kisha akaivuta karavani hadi Nyangezi bila kinga... "Maman?" ndiyo, anasikia, anafikiri, ya kubeba ina faida zake, ikiungua unanunua nyingine bila kutoboa ukuta, aliyasema hayo mwenyewe kwenye mkutano wa kununua ile ya kwanza, kwa Kifaransa safi, wakampigia makofi, nani ajuaye kama siku ile hakuwa tayari ameitolea macho, na wakati wakwe wanacheka mbele ya kioo, kule Nyangezi umeme ulipanda mara moja, mashine ya kuangalia mimba ikatoa moshi, wajawazito waliokuja kwa miguu wakaambiwa warudi, mmoja aliuliza tu kama mtoto wake amegeuka, alisimulia Gracien, kisha akashika njia ya kurudi.

Na daktari alipouliza kinga iko wapi, Gracien alitazama viatu vyake, "Ni mie, docteur, niliisahau, sijue fasi gani," na Bibiane alikuwa palepale, hatua mbili, akasafisha miwani iliyokuwa safi, akaisafisha tena, na tangu hapo nusu ya ofisi inaamini Gracien ameiuza, na Jumatatu anakuja dereva mwingine, na Gracien mwenyewe yuko hapa nyuma yake anaosha magurudumu ya gari ambalo si lake tena, anasikia kila neno. "Mie naona tufunge," Venant anacheka, "bashofere banasahaulaka." Madereva husahau, tufunge, sawa, ndilo jibu la haki, wanawake wa Nyangezi wanalistahili, atalisema na daktari atamsifu kwa kuona mbali... na kila skrubu itakayoingia ukutani itasema Gracien alisahau, itasema miaka yote, hata yeye atakapokuwa amestaafu. Aibu inampanda mpaka masikioni. Maji yameacha kumwagika. "Maman," ni Gracien, kwa sauti ndogo, ile anayoongea nayo na wagonjwa, "mumwambie tu afunge," maana ameuona uso wake, bado anambebea kosa, kama alivyobeba lile sanduku, na lenyewe liko kule hadi sasa, nyuma ya televisheni, taa yake ya kijani inawaka, Bibiane ameshindwa kulirudisha kwa kuogopa wataliona mkononi mwake... dirisha la daktari liko wazi, atasikia, bora asikie. "Maman, gani sasa?" Venant bado ameinua mikono yote miwili, anatabasamu, na Bibiane ameacha kuziangalia, ya tatu, atasema, kwa sauti ya kufika dirishani, Venant, iko ya tatu, iko kwangu.