Spika ya Kushoto

Tangu asubuhi mke wa mwenye nyumba alikuwa hakaliki. Mara apande ngazi kuangalia sufuria isiyo na kitu, mara ashuke kufagia vumbi ambalo fundi umeme angelimwaga upya. Kule chini ya nyumba, chumba chao cha sinema kilikuwa bado mifupa mitupu: fremu za chuma, paipu za plastiki za kupitishia nyaya za spika, nazo nyaya zinaning'inia. Fundi wa jipsamu naye alishafika, amekalia rundo la mbao zake za kuzibia kuta, anatazama saa. Akishazipiga, hakuna wa kuhamisha paipu tena bila kubomoa ukuta.

Ndiyo maana mumewe, mstaafu mwenye muda wa kuchezea, aling'ang'ania kila spika ijaribiwe kwanza. Mtu akae kwenye kiti, afumbe macho. Fundi umeme awashe redio ndogo pale spika itakapokaa. Mtu aonyeshe kwa kidole sauti inatoka wapi. Yeye mwenyewe alishajaribu mara nne, na kila mara akasogeza paipu upana wa kidole. Fundi umeme alikuwa akimwita Bwana Sentimita, tena mbele yake.

Sasa ikawa zamu ya mkewe, na mkewe hakuitaka kabisa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, miezi saba sasa, na hakuna aliyejua. Kwake kila sauti ilitoka kulia. Aliogopa kusemeshwa kwa kelele kama marehemu mama yake, ambaye mwishowe watu walimchoka, wakaacha kumsemesha.

Visingizio vikamwishia, akakaa. Redio ikalia upande wa kushoto. Akaonyesha kulia.

Mumewe akaguna. Akamwambia fundi paipu ya kushoto imekaa vibaya, aishushe. Fundi akakata, akaunganisha, redio ikalia tena. Safari hii mkewe akabahatisha nyuma. Paipu ikapandishwa. Mara ya tatu Bwana Sentimita alishapandwa na hasira: kazi gani hii, fundi gani asiyejua hata spika inakaa wapi, afadhali ang'oe ukuta wote aanze upya. Fundi, mtu mzima mwenye wajukuu, akaweka msumeno chini, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mkewe akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lile zima na lile bovu.

"Mwache fundi wa watu," akasema. "Paipu haina kosa. Mimi ndiye nisiyesikia kushoto."

Mumewe akamkaribia, akainama. "TANGU LINI?" akauliza, taratibu, neno kwa neno, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

Ndilo hasa mkewe alilokuwa akilikimbia miezi yote hiyo.

"Baba watoto," akasema, "ukinipigia kelele hivyo, nitaacha kukujibu."

Mumewe akazunguka kiti polepole, akachuchumaa kulia kwake.

"Tangu lini?" akanong'ona.