Maji Safi Kuliko Yote

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, samaki aligonga ukuta wa beseni mara tatu mfululizo, kisha akatokeza mdomo juu ya maji. Alikuwa na urefu wa kiganja, na kwa wakati huo alitakiwa awe amelala fofofo.

Mtunza samaki, ambaye maabara nzima ilimwita Nesi, alikuwa amesimama kando akihesabu pumzi za samaki huyo. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli miaka kumi na moja iliyopita, siku alipokataa samaki washikwe kwa mikono mikavu, isije ikawatoa ute unaowalinda. Kaka yake, muuza samaki sokoni, alilichangamkia kuliko wote. Mpaka leo wakikutana humuuliza kama wagonjwa wake wamekunywa uji. Nesi hakugombana na mtu. Alilivaa jina hilo hadi likamkaa.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukata kipande kidogo cha pezi la mkia kwa samaki arobaini, ili ukoo wao uchunguzwe. Kabla ya mkasi, kila samaki huwekwa kwenye maji yenye dawa ya usingizi. Akilegea kwa utulivu, hahisi kitu. Huyu wa kwanza hakulegea. Nesi alimtoa kwa wavu, akamrudisha kwenye tangi lake, akaweka kiganja juu ya beseni.

"Hatuendelei, daktari."

Daktari alikuwa mgeni hapo, mwenye shahada tatu na haraka zake. Alisema samaki hurukaruka kidogo, ni kawaida. Dawa aliipima mwenyewe kwa mizani isiyokosea hata punje, na maji aliyotumia yalikuwa yamekenekwa kwenye mtambo, yakageuzwa mvuke kisha maji tena, safi kuliko maji yoyote ndani ya jengo lile. Yote hayo yalikuwa kweli, na Nesi alijua ni kweli. Alijua pia kwamba mkataba wake unakwisha Ijumaa, na kwamba barua ya kuomba uongezwe iko mezani kwa daktari huyuhuyu, haijatiwa saini. Kiganja hakukiondoa.

"Mama, baada ya dakika mbili atakuwa ameshasahau," daktari alisema.

"Sijamuuliza atakumbuka nini. Nimemhesabu. Akitulia, matamvua yake hupiga mara themanini kwa dakika. Humu yamepiga mia moja arobaini na mbili."

Daktari alimpigia simu profesa, mkuu wa maabara, aje aamue. Profesa aliingia miwani ikiwa utosini, akauliza swali moja tu: kipimo cha maji kiko wapi? Nesi alichovya karatasi ya kupimia uchachu ndani ya beseni. Ilionyesha nne na nusu, maji machachu, maana saba ndiyo katikati. Akachovya nyingine kwenye tangi. Saba na nusu.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Dawa ile ina tindikali. Maji ya matangi yana chumvi zinazoituliza kiasi. Maji yaliyokenekwa hayana kitu, kwa hiyo tindikali yote ilibaki ikimla samaki macho na matamvua kabla usingizi haujamfika. Ndiyo maana yeye hutumia maji ya matangi, tena huongeza baikaboneti, ule unga mweupe unaoumua keki, na hupima kila beseni kabla samaki hajagusa maji. Daftari lake la hesabu lilikuwa hapo, miaka kumi na moja ndani yake. Profesa alisoma kurasa nne akiwa amesimama, kisha akachovya karatasi ya tatu kwa mkono wake mwenyewe. Nne na nusu.

Daktari alilinyanyua beseni, akamwaga maji yake, akajaza ya matangi.

"Baikaboneti kiasi gani?"

"Gramu mbili kwa kila gramu ya dawa."

Alipima dawa na baikaboneti, akavikoroga. Nesi alipima uchachu: saba na robo. Samaki wa pili alilala ubavu katika dakika ya pili, pumzi zikishuka taratibu, na mkasi ulipopita hakutikisika. Mgongo wa Nesi ulinyooka wenyewe.

Profesa alibandika karatasi mlangoni: hakuna samaki atakayetiwa dawa kabla Nesi hajapima maji na kutia saini. Alimuuliza kama aandike jina lake la kwenye vyeti.

"Andika Nesi," alisema. "Nimelitolea jasho."

Samaki wa kwanza aliondolewa kwenye orodha apumzike. Kwenye safu ya sababu, daktari aliandika kwa mwandiko wake: kosa langu, maji.

Saa nane na dakika tano mchana, samaki wa arobaini, aliyekuwa wa mwisho, alizinduka, akaogelea sawasawa na kula. Saa nane na dakika ishirini, barua ya mkataba ilipokelewa ofisi ya utumishi ikiwa na saini mbili, ya daktari na ya profesa.