Ukurasa wa Sitini na Moja

Nchi ya Dimbwini msiitafute kwenye ramani. Wenyewe walikataza isichorwe, wasije majirani wakaona jinsi maji yalivyogawanywa. Mgawanyo ulikuwa rahisi. Mfalme Kiboko alikaa katikati ya dimbwi, mwili ndani, macho na pua nje. Wakubwa walikunywa upande wa juu, kwenye maji maangavu. Waliobaki wote walikunywa upande wa chini, maji yakishampitia Mfalme, na aliyewahi kumwona kiboko akijisaidia hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kiboko hakutawala kwa ukubwa wa kinywa chake, la hasha. Alitawala kwa kuwa ni mwandishi. Sheria ilisema hivyo waziwazi: dimbwi ni la aliyeandika Kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja, kikiitwa Busara za Majini, na kila ukoo ulipewa nakala yake. Kurasa zake zilishonwa ukingoni kwa uzi mwekundu, maana Waziri wa Maoni, Mheshimiwa Kasuku, alitangaza kwamba kukifungua ni kulijeruhi neno la Mfalme. Kitabu kilisomwa kwa kukiinamia. Na wakubwa wa nchi, wenye vyeo vyao na vitambi vyao, walikiinamia miaka kumi na tisa bila hata mmoja kuuliza mna nini ndani.

Kila kiangazi ilifika Siku ya Maoni. Vijana wasomaji, mmoja kwa kila ukoo, walisimama ufukoni kueleza walivyokiona Kitabu. Waziri alikuwa amewarahisishia kazi. Maoni yalikuwa matatu: kitabu kimenigusa, kitabu kimenielimisha, na kwa vijana wenye vipaji, kitabu kimenigusa na kimenielimisha. Kijana akitoa maoni vizuri, ukoo wake ulipandishwa kunywa upande wa juu hadi mwaka mwingine. Akiharibu, ukoo wake ulifungiwa maji yote siku saba, na siku saba za kiangazi cha Dimbwini zilitosha kuzika nusu ya ukoo.

Mwaka huo ukoo wa pimbi, wakaao kwenye mapango ya mawe, ulimtuma binti mmoja mwenye macho makali, aliyeitwa Pimbi tu kama wenzake. Bibi yake alikuwa anaharisha tangu mvua zikatike, kwa sababu ya yale maji ya chini. Alikuwa amekonda hata sauti.

"Umeyashika?" Bibi alimuuliza.

"Kitabu kimenigusa. Maneno mawili, bibi, nitayasahau vipi?"

"Usijifanye mjuzi. Wewe sema, inama, urudi. Mimi nataka maji tu, mjukuu wangu."

Pimbi naye alikusudia hivyo hivyo. Ila alikuwa kwenye ule umri ambao meno ya mbele yanakua na kuwasha, na alipokuwa akijizoeza kuinama juu ya Kitabu, mdomo ukiwa karibu na ule uzi, alianza kuutafuna bila kufikiri. Uzi ukakatika na kurasa zikafunguka. Anayejua kusoma akifunguliwa ukurasa mbele ya macho yake, atafanya nini? Alisoma.

Kurasa hamsini za mwanzo zilisifu ngozi ya Mfalme. Kumi zilizofuata zilirudia zile za mwanzo, kwa uvivu wa wazi kabisa. Kwenye ukurasa wa sitini na moja Pimbi alisimama, akasoma tena, kisha akamsomea bibi yake: "Mimi Kiboko naingia majini leo kwa ridhaa yenu. Zikipita mvua saba kabla sijatoka, na aje yeyote, hata mtoto, aniambie nitoke, nami nitatoka."

Bibi aligeukia ukuta wa pango. Alikuwepo siku maneno hayo yaliposemwa, na alikuwa amefanya kazi kubwa kuyasahau.

"Kifunge," alisema. "Hatujaona kitu."

Siku ya Maoni ilipowadia, kijana wa Ngiri alitangulia na Kitabu kikamgusa. Akafuata binti wa Kanga; yeye kilimwelimisha. Wakubwa walipiga makofi kwa uzito uleule waliopiga mwaka jana na mwaka juzi, wakitikisa vichwa kama wanaosikia jambo jipya. Kiboko alikuwa anasinzia.

Pimbi alipanda jiwe la kusemea na maneno yake mawili mdomoni. Kule chini alimwona bibi yake, ambaye hakuweza kusubiri, amejiinamia kwenye tope akinywa, kisha akajifuta mdomo kwa aibu. Hasira ilimpanda Pimbi mpaka masikioni.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "mimi nilipenda zaidi ukurasa wa sitini na moja."

Kasuku alishtuka. "Mtukufu, muda umekwenda, labda tumwite anayefuata..."

"Nyamaza," alisema Kiboko, macho yamemfunguka. "Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kunitajia ukurasa. Soma, mtoto, wapumbavu hawa wasikie nilivyoandika."

Pimbi alisoma. Hakupaza sauti na hakuruka neno. Alipomaliza, upande wa juu kila mkubwa alikuwa anatazama kwato zake.

"Nani ameandika takataka hiyo?" Kiboko aliuliza.

"Ni maneno yako, Mtukufu," Kasuku alinong'ona. "Uliyasema siku ya kuingia. Kitabu kilikuwa chembamba, nikayatia kujaza kurasa. Sikuyasoma, wallahi."

"Mimi sikuandika hayo. Sikuandika hata mstari mmoja wa kitabu hicho, ni wewe uliyekiandika chote."

Ufuko mzima ulimsikia. Dimbwi ni la aliyeandika Kitabu, na sasa macho yote yalihamia kwa Kasuku, ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa la kusema.

"Mimi?" alisema. "Mimi hata kuogelea sijui."

Kiboko akafanya alichokijua. Alizama. Maji yalifunga juu ya kichwa chake, na wakubwa wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba kuzama ni jibu.

"Mfalme anatafakari," Kasuku alitangaza.

Hapo kijana wa Ngiri aliweka nakala ya ukoo wake chini, akaukata uzi mwekundu kwa ncha ya jino lake. Kiboko alipotoa pua kupumua, alikuta anasomewa ukurasa wa sitini na moja. Alizama tena. Alipoibuka mara ya pili alikuwa ni binti wa Kanga anayesoma, ameudonoa uzi hadi umekwisha.

Bibi alipanda taratibu kutoka kwenye tope, akawapita walinzi waliokuwa hawajui tena wanamlinda nani, akafika upande wa juu, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa anakifunga Kitabu.

"Usikifunge," alisema. "Atatoka tu kuvuta pumzi."